Saiprasi Aliyoinusa Baba

Baba yangu alikuwa na kisu kimoja cha kazi, chenye mpini wa pembe ya ng'ombe uliofungwa kwa waya wa shaba, na hakuruhusu mtu yeyote kukitumia kukatia chakula. Kilikuwa kisu cha kufungulia mbao. Ndivyo alivyosema, kufungua. Ubao uliokaa juani na mvuani, kwa maelezo yake, umevaa koti, na makoti yote ya mbao ni ya kijivu. Huwezi kumjua aliye ndani mpaka umvue. Aliushika ubao kwenye ncha, pale ulipokatwa na msumeno, akachonga kipande chembamba kama ganda la kitunguu. Alilowanisha mahali pale kwa mate, akapatazama, akapanusa, kisha akapagusa kwa ncha ya ulimi. Halafu alitaja jina la mti. Nilipokuwa mtoto sikumsikia akikosea hata mara moja, na nilimsikia akitaja majina kutwa nzima.

Mimi ni mtoto wa msituni, na wanaotaka kunichokoza hunikumbusha. Tuliishi katika nyumba za wafanyakazi wa misitu upande wa Nyandarua, kule Kenya, mahali ambapo serikali ilikuwa imepanda saiprasi kwa mistari mlima mzima. Tuliruhusiwa kulima viazi katikati ya miche mpaka miti irefuke na kufunika jua. Hapo tulihamia kipande kingine na viazi vyetu. Baba alianza kazi kwa kupogoa matawi na akaimaliza akiwa mkaguzi katika kiwanda cha kupasulia mbao. Jioni alirudi na maranda kwenye mikunjo ya suruali, na mama alimfukuza ayakung'ute nje.

Mimi nimebeba jina la mama yake, kwa hiyo hakuniita kwa jina. Aliniita mama. Kwetu hilo ni la kawaida, baba kumwita binti yake mama, na hakuna anayegeuka kutazama. Nilipokuwa darasa la nne alianza kunifunga macho kwa leso na kunipa vipande vya mbao mkononi. Nikitaja vizuri hakusema kitu. Nikikosea alisema, "Hapana, mama. Shika nyingine." Hakugomba na hakunibembeleza. Mama yangu alimlaumu kwamba ananikatisha tamaa, na yeye akajibu kwamba paa la nyumba likimwangukia mtu halimwulizi kama fundi alikuwa amekata tamaa.

Saiprasi, alinifundisha, ni mbao isiyo na makuu. Rangi yake ni manjano iliyofifia kuelekea kahawia, na mara nyingine kiini chake kina wekundu kidogo, wa chai yenye maziwa mengi. Nyuzi zake zimenyooka. Ukiipiga randa inakuwa laini sawasawa kutoka ncha hadi ncha. Haina ulimbo, na hapo ndipo inapoachana na paini, kwa sababu paini hunata mkononi, na pete zake za miaka zimejichora wazi, mstari wa giza na mstari mweupe. Tena kuna vifundo, yale macho yanayobaki ubaoni mahali tawi lilipoota. Vya saiprasi ni vidogo na vingi, vimetawanyika ovyo, maana matawi yake huota popote yanapotaka. Vya paini hukaa pamoja kwa kuzunguka shina, kisha panafuata nafasi tupu, kisha kundi lingine. Saiprasi ni nyepesi, inapokea msumari bila ugomvi, na kiini chake kinawavumilia mchwa kuliko paini isiyotiwa dawa, ambayo kwao ni mkate.

Lakini juu ya hayo yote kulikuwa na harufu. Saiprasi iliyofunguliwa hunukia penseli mpya iliyochongwa, ila kwa mbali, na mwisho wake una uchungu kidogo wa ganda la limau. Mtarakwa, ambao ndio mti wa penseli wenyewe, hunukia kwa kelele. Saiprasi, alisema baba, hunukia kwa adabu. Yeye aliamini pua yake kuliko vipimo vyote vilivyobaki, na mimi niliiamini pia.

Nilikuja Kampala nikiwa bibi arusi, miaka michache baada ya vita kwisha. Kuta nyingi bado zilikuwa na matundu ya risasi, na kila mtu aliyeweza kushika nyundo alikuwa anajenga kitu. Mume wangu, Mkenya mwenzangu, alikuwa na yadi ya mbao Kasubi, kando ya barabara, upande wa chini kabla ya njia ya makaburi ya wafalme. Alifariki mapema, kwa ugonjwa wa siku nne, akaniachia yadi, mashine moja ya kupasulia, na wafanyakazi wawili waliokuwa na uhakika kwamba nitauza kila kitu nirudi kwetu. Nilikaa. Walipoona najua kutofautisha mbao za mugavu na za musizi bila kuuliza, walianza kuniita Nyabo, yaani bibi, kwa sauti nyingine.

Mama yangu alipofariki, nilimleta baba. Presha ya macho ilikuwa imekwisha kumpofusha. Aliona mwanga na kivuli, basi. Nilimwekea benchi langoni, chini ya kipande cha bati, kwa sababu ndani ya nyumba alikuwa anakaa kama mzigo uliosahauliwa stesheni, na mimi sikuweza kumtazama. Siku ya tatu alichukua ubao uliokuwa karibu, akatoa kisu chake, akaufungua na kuunusa. "Nkoba," alisema. Hakuwahi kuuona mti huo Nyandarua, lakini mpasuaji wangu alikuwa amemfundisha harufu yake jana yake tu. Mpasuaji huyo, Muganda wa rika langu, mwenye mdomo mwepesi, alipiga makofi akasema, "Nyabo, mzee hii naona na pua."

Jina likasambaa. Watu walitoka Nansana na Nakulabye kuja kununua mbao zilizopita mbele ya pua ya mzee. Mafundi waliokuwa wameuziwa paini kwa jina la saiprasi mahali pengine walileta vipande vyao mfukoni ili awahukumie. Baba alinyooka mgongo. Alianza kudai shati safi kila siku, na ndevu zake alinitaka nizinyoe Jumatano na Jumamosi. Nilifurahi kuliko ninavyoweza kueleza, kwa sababu nilikuwa nimemleta Kampala nikidhani namleta aje kufa.

Miaka mitatu ikapita hivyo. Kisha Jumamosi moja nilikwenda Ggaba kununua samaki, nikarudi nikiwa na mambo mengi kichwani, nikausahau mfuko chini ya benchi la baba. Jua la Kampala linajua kazi yake. Jumatatu, nilipofungua lango, harufu ilinirudisha nyuma hatua mbili. Baba alikuwa amekaa juu ya mfuko ule Jumapili yote, kwa hiari yake, akisikiliza redio. Nilipomsalimia alinijibu vizuri, akaniambia asubuhi hii hewa ni safi.

Niliutoa mfuko nikautupa mbali bila kusema neno. Baada ya hapo niliangalia. Maziwa yaliungua jikoni, hatua mbili kutoka kwake, asigeuke. Mafuta ya taa yalimwagika karibu na viatu vyake. Pua ya baba ilikuwa imekufa, na kama yeye alijua, hakusema.

Ningefanya nini? Naliuliza swali hili kana kwamba halina jibu, na lina jibu. Kwetu mtoto hamsahihishi baba yake mbele ya wageni. Akiona mzazi anakwenda kombo, anamtafuta mtu wa rika la mzazi, anamweleza kwa kuzunguka, na yule ndiye anayekwenda kuketi naye na kulifikisha neno polepole, baina ya wazee. Ni utaratibu mzuri. Lakini wenzake wa rika walikuwa Nyandarua, wengi wao chini ya udongo, na mimi nilikuwa Kasubi peke yangu na baba mmoja. Kwa hiyo nilibuni njia yangu. Wateja walipotaka kusikia neno la mzee, mimi mwenyewe ndiye niliyempelekea ubao, na nilimpelekea saiprasi tu. Aliufungua, akaunusa, akasema saiprasi. Wateja wakaridhika. Nilijiambia kwamba hakuna aliyedhulumiwa, na kwa miezi mingi ilikuwa kweli.

Kisha siku moja ya mawingu alikuja mzee wa kanisa. Alikuwa Mkongomani wa kutoka upande wa Butembo, mwalimu wa zamani, na sasa alikuwa anauza vitenge Kansanga. Alivaa koti lililopigwa pasi vizuri na viatu vilivyochoka. Alinisalimia kwa mikono miwili.

"Mama, batu banasemaka kama kwenu kuko mzee mwenye kujua mbao na pua," aliniambia. "Siye tunajenga kanisa, kule Kansanga. Tunatafuta sipre ya paa. Kanisa yetu ya kwetu ilikuwa ya sipre. Ilisimama miaka mingi, mpaka siye wenyewe tulikimbia."

Nilimwambia asubiri nimletee mzee kipande cha saiprasi, hiyo sipre yake. Rundo la saiprasi lilikuwa nyuma ya mashine. Karibu na lango kulikuwa na rundo la paini changa, haikuwa imetiwa dawa, na ilikuwa imenyeshewa mpaka ikavaa lile koti la kijivu. Nilikuwa nimeiweka pale kwa wajenzi wanaotaka mbao za kumwagia zege, mbao za kutumia mwezi mmoja na kutupa. Nilikwenda nyuma, nikachagua ubao mzuri, nikakata kipande. Nadhani haikufika dakika tano.

Niliporudi, yule mwalimu alikuwa ametangulia. Kwa hamu yake alikuwa amevuta kipande kutoka rundo la lango na kumwekea baba mapajani, na baba alikuwa amekwisha kukifungua. Nilikiona kile kidonda kipya kwenye ncha ya ubao, na pete za paini zilikuwa wazi kama mistari ya daftari. Baba alikiinua puani. Alivuta pumzi ndefu, ile pumzi yake ya zamani.

"Ni saiprasi," alisema. "Tena nzuri. Imekomaa."

Mwalimu alifumba macho, akashukuru Mungu kwa sauti ndogo. Mimi nilikuwa nimesimama mbele yao, na saiprasi ya kweli mkononi. Maneno yaliyohitajika yalikuwa mawili matatu tu. Nilimtazama baba, shati lake jeupe, kidevu nilichokinyoa mwenyewe asubuhi ile, nikaona kwamba nikisema, hatakaa tena langoni. Nikakiweka kipande changu nyuma ya pipa la maji.

Nilijaribu kupenya pembeni. Nilimwambia mwalimu kwamba rundo la nyuma limekauka zaidi, aje alitazame. Akakataa kwa heshima. "Hapana, mama. Mzee amesema hii. Siwezi kupita neno ya mzee." Baba akaongeza, "Mpe hiyo hiyo." Basi wakapakia paini kwenye pikapu yao, na nikawauzia kwa bei ya paini, nikasema nawapunguzia kwa ajili ya kanisa. Walinibariki kwa hilo. Waliweka mikono kichwani pangu, mwalimu na dereva wake, pale pale langoni, wakaniombea.

Ningeweza kuwafuata kesho yake. Kansanga si mbali. Unapita mjini, unashika barabara ya Ggaba, umefika. Ningeweza kuwaambia kabla hawajapiga msumari hata mmoja, na baba asingejua kamwe. Nilipanga kwenda Jumatatu, kisha Alhamisi. Kisha nikasikia kwamba mabati yamekwisha kupanda, na nikaanza kujiambia kwamba paini nayo ni mbao, na kuna nyumba nyingi zimesimama kwa paini. Hizo zilitiwa dawa, nilijua vizuri. Nilipokuwa mtoto nilifungwa macho kwa leso ili nijue mambo kama hayo.

Ukaja msimu wa kiangazi, ukaja na wa pili. Katika ule wa pili mwalimu alirudi Kasubi akiwa na kitu kilichofungwa kwenye gazeti. Hakuja kwa hasira, na afadhali angekuja nayo. Alikaa kwenye benchi na baba, akamwuliza habari za afya, akauliza habari za kazi, na mwisho akafungua gazeti.

"Mzee, nakuja kama mtu anapeleka mgonjwa kwa daktari," alisema. "Hii sipre iko na ugonjwa gani? Jua likiwaka juu ya mabati, mbao inatoa machozi. Inaangukia bamama kwa vitambaa vya kichwa, haitoki hata na sabuni. Sasa tena kuko wadudu. Ile upande ya ukuta inakuwa unga."

Akaweka kipande mkononi mwa baba. Mimi nilikuwa nasimamia upakiaji, nikaacha. Baba alikishika. Hakutoa kisu. Alipitisha kidole gumba juu ya ubao, kikasimama, kikanata. Akakiondoa, akakisugua na kidole cha pili, polepole, muda mrefu, mpaka mpasuaji alizima mashine ili atazame kuna nini. Kila mtoto wa msituni anajua kwamba saiprasi haina ulimbo. Yeye ndiye aliyenifundisha.

"Si ugonjwa," baba alimwambia mwalimu. "Jumapili nitakuja kanisani kwenu, kama mnanikaribisha."

Alizungumza kwa utulivu. Hakugeuka upande wangu.

Tulikwenda. Lilikuwa kanisa la matofali yasiyopigwa lipu, lenye madirisha yasiyo na vioo, na lilijaa watu waliovaa vizuri kuliko jengo lenyewe. Nilipoingia nilitazama juu kabla ya kitu kingine chochote. Nilihesabu madoa ya ulimbo kwenye kenchi nikaacha. Kwenye kuta, mahali boriti zilipoingia kwenye matofali, palikuwa na njia za udongo za mchwa, nyembamba, zikipanda zimenyooka kama zimechorwa kwa rula. Chini kabisa ya kenchi mbaya kuliko zote walikuwa wamekaa wanakwaya.

Baada ya mahubiri mwalimu alimshika baba mkono akampeleka mbele. Baba aliomba apewe nafasi ya kusimama peke yake. Alisema kwa Kiswahili chake cha kiwandani, kilichonyooka bila mapambo.

"Mimi ni mzee wa mbao. Macho yangu yalikufa, nikabaki na pua. Pua nayo ikafa, nikaona haya kusema. Mwalimu wenu alinipa paini, nikamwambia ni saiprasi, na sikuwa nimesikia harufu yoyote. Nilikisia. Mmesali na kuimba chini ya neno langu, na neno langu lilikuwa la uongo. Mbao hizi lazima zishuke, na tutaleta nyingine sisi wenyewe. Nawaomba mnisamehe."

Kisha bibi mmoja wa mstari wa mbele, mwenye doa la manjano kwenye kitambaa chake, alisema bila kusimama, "Baba, siye tuliacha kanisa nzima kule, inawaka moto, na batu ndani yake. Hii ni mbao." Wengine waliitika, na kwaya ikaanza wimbo. Baba alirudishwa kitini.

Mimi nilikuwa nimekaa nyuma, karibu na mlango. Alisema "mimi", alisema "pua yangu", alisema "neno langu". Hakunitaja. Nafasi ya kusimama niseme kwamba nilikuwapo, nikaona, ilikuwa pana kama uwanja, na nilibaki nimekaa nikishika mkoba wangu. Nimefanya makosa mengi maishani, lakini hilo la pili ndilo linaloniamsha usiku.

Jumatatu asubuhi, kabla wafanyakazi hawajafika, nilimpelekea chai langoni. Aliniashiria nikae.

"Pua yangu imekufa tangu lini?" aliniuliza, kana kwamba mimi ndiye niliyeitunza.

"Mimi nilijua tangu yule samaki."

"Samaki gani?"

Ikabidi nimweleze. Alisikiliza, akaishika chai bila kuinywa. "Siku nzima?" aliuliza. Nikamwambia siku nzima, na nusu ya ile iliyotangulia. Alichekea puani, kicheko kidogo kisichofika mbali, kisha uso wake ukatulia.

"Nami nilijua unaniletea saiprasi tupu," alisema. "Yadi ina mbao za kila aina, halafu mimi kila ninachopewa mbele ya watu ni saiprasi. Unadhani kipofu hajui kuhesabu? Nilijua unanifichia aibu, nikanyamaza, kwa sababu nilitaka kukaa hapa langoni. Hilo ni langu, na nimelisema jana. Lakini ule ubao wa mwalimu, mimi nilidhani umetoka mkononi mwako. Wewe ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa mbele yako, baba."

"Ukaiona paini."

"Nikaiona."

Bodaboda zilikuwa zinapita barabarani, na mwanamke wa jirani alikuwa anafagia mbele ya duka lake.

"Nilikupa jina la mama yangu," alisema. "Mama yangu hakuniacha nikosee mbele ya watu. Alikuwa ananikatiza hata nikiwa na wazee wenzangu, mwanaume mzima nina ndevu. Niliona haya mara nyingi. Lakini ni haya ya dakika mbili. Hii ya jana itanipeleka kaburini."

Nililia hapo, na aibu yangu ilikuwa kubwa kuliko huzuni. Nilimwambia kwamba nilikuwa namheshimu. Akasema anajua. Kisha akaniomba nimtilie sukari kwenye chai, maana nilikuwa nimesahau.

Wiki iliyofuata mwalimu alikuja na pikapu. Nilikuwa nimekwisha kununua lori zima la saiprasi kutoka Kigezi, na kama yalivyo malori yote, paini kadhaa zilikuwa zimejipenyeza ndani yake. Nilitaka kuzichambua mapema. Baba alikataa. Alitaka kila ubao wa kanisa upite mikononi mwake jinsi ulivyoshuka kwenye lori, na kila mtu asimame atazame: mwalimu, dereva, mpasuaji na mwenzake, na mafundi wawili waliokuja kwa shughuli zao.

Hakunusa. Kisu alikiweka kando yake kwenye benchi. Alilaza ubao mapajani akapitisha vidole vyote kumi kutoka ncha hadi ncha, akitafuta vifundo. Vilipokuwa vimetawanyika ovyo alisema saiprasi, akauweka kulia. Vilipokaa kwa makundi na nafasi tupu katikati, alisema paini, kushoto. Alipima uzito, akagonga kwa kifundo cha kidole, akasugua gumba lake kutafuta ulimbo. Aliufanya ubao wa kwanza, wa kumi, wa ishirini. Alikuwa anajifunza upya kazi aliyoifanya maisha yake yote, mbele ya watu waliojua kwamba ameshindwa, na hakuna mtu aliyecheka. Jasho lilimtoka kwenye paji la uso. Mpasuaji alinong'ona, "Mzee sasa naona na kidole," na safari hii hakupiga makofi.

Kisha akapewa ubao mfupi, mkavu sana, uliopasuliwa kutoka mahali safi pa shina. Haukuwa na kifundo hata kimoja. Ulimbo wake ulikuwa umekauka zamani. Aliupapasa mara mbili, akaugeuza, akaupapasa tena. Mimi nilikuwa nimesimama pale pale nilipokuwa nimesimama siku ile, kando ya pipa la maji, na niliziona pete zake kutoka nilipokuwa.

"Saiprasi," alisema baba.

Aliunyanyua kuuweka kulia. Mwalimu alinitazama. Mafundi walinitazama. Nilihisi kama nimefungwa tena ile leso.

"Hapana, baba," nilisema, kwa sauti ambayo kila mtu pale langoni aliisikia. "Ni paini. Shika nyingine."

Mkono wake ulisimama hewani kidogo. Kisha akauweka ubao kushoto, akajipangusa vumbi la mbao kwenye suruali, akanyoosha mikono yote miwili kupokea mwingine.